Maswali Matano ya Mama Eufrazia

Iko nchi inaitwa Ngazinane. Msiitafute kwenye ramani, kwa sababu ramani yake bado ipo mezani kwa mtu, inasubiri sahihi. Ni nchi nzuri, yenye mvua za kutosha na vyeo vya kutosha, na jina lake limetokana na utaratibu wake mkuu: jambo lolote, liwe dogo kama kununua ufagio au kubwa kama kutangaza vita, sharti lipande ngazi nane za ofisi, na katika kila ngazi lipigwe muhuri. Mihuri ikitimia minane, jambo linakuwa kweli. Likiwa na mihuri saba, bado ni uvumi. Wananchi wanaupenda utaratibu huu, maana hakuna ofisa hata mmoja aliyewahi kulaumiwa kwa lolote. Kosa likigawanywa kwa watu wanane, kila mmoja anabaki na kipande kidogo tu, kisichomnyima usingizi.

Basi mwaka mmoja Bunge la Ngazinane likagundua kwamba nchini kuna ujinga. Waheshimiwa walishtuka sana. Walitazamana, wakakaguana, wakaridhika kwamba haumo ukumbini, kwa hiyo lazima uko nje. Ndipo ukatoka Waraka Namba Tisa, uliosema kwamba mtumishi yeyote wa umma anayegusa mgonjwa lazima awe amefaulu Hisabati ya kidato cha nne ifikapo mwisho wa mwaka, na asiyefaulu asiguse mgonjwa tena. Waziri wa Elimu, Akili na Mapokezi, Mheshimiwa Stambuli Rwezimbe, ndiye aliyeusoma waraka huo redioni. Yeye mwenyewe haukumhusu, kwa kuwa hagusi wagonjwa, na pia kwa kuwa ana shahada kumi na moja za heshima alizopewa na vyuo alivyokwenda kuvifungua.

Waraka ulimkuta Mama Eufrazia Mbonile akikamua kitambaa cha maji ya moto katika wodi ya wazazi na watoto, zahanati ya Kidundwe. Alikuwa na miaka hamsini na mmoja. Kwa miaka ishirini na minne alikuwa mhudumu wa wodi ile: alipokea watoto waliozaliwa, akawafuta, akawafunga vitambaa, akawashika wakati wauguzi wanawapa dawa, akawabeba mama zao hadi kitandani. Nusu ya vijana wa Kidundwe walipitia mikononi mwake kabla ya kufika mikononi mwa mama zao. Shuleni aliishia darasa la saba.

Muuguzi mfawidhi, Sista Leokadia, alimsomea waraka mara mbili, kisha akamwambia kwa upole kwamba hana la kufanya. Mama Eufrazia alikwenda nyuma ya jengo, akakaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, akasali. Hakumwomba Mungu autengue waraka, kwa sababu alikuwa mtu wa kutii mamlaka. Alimwomba amfundishe hisabati. Alilitamka ombi hilo kwa imani kubwa na bila kujua anaomba nini.

* * *

Madarasa ya jioni yalifanyika shule ya msingi, saa kumi na moja, watoto wakishaondoka. Watu wazima ishirini na saba walijibana kwenye madawati ya watoto wa miaka saba, magoti yakiwa karibu na masikio. Mwalimu alikuwa mmoja, kijana mwembamba aitwaye Kandonga, ambaye jioni hiyo hiyo alifundisha vyumba vitatu. Aliandika swali chumba cha kwanza, akakimbia kueleza chumba cha pili, akasahihisha chumba cha tatu, na mara nyingine alieleza chumba kimoja jibu la swali la chumba kingine. Wanafunzi hawakulalamika. Walidhani ndivyo hisabati ilivyo.

Mama Eufrazia alikaa dawati la mbele pamoja na Mzee Ngwilizi, dereva wa gari la wagonjwa, ambaye naye waraka ulimkamata kwa sababu siku moja aliwahi kumshika mgonjwa asianguke. Kabla ya kila somo Mama Eufrazia alifumba macho na kumwomba Mtakatifu Yosefu, akiamini kwamba seremala lazima alijua vipimo. Akifumbua macho, Mwalimu Kandonga alikuwa ameshakwenda chumba cha pili. Kwa njia hii alihudhuria muhula mzima na kusikia robo ya somo. Katika jaribio la kwanza alipata kumi na moja kwa mia. Alimshukuru Mungu kwa zile kumi na moja, kwa kuwa alikuwa ametarajia sita, na jioni ile alisali rozari nzima ya shukrani badala ya kusoma kwa ajili ya jaribio la pili. La pili alipata tisa.

Serikali ya Ngazinane ilipoona matokeo ya nchi nzima, haikuajiri walimu. Ilifanya jambo la kisasa zaidi. Ilizindua.

* * *

Vilizinduliwa vitu viwili kwa pamoja, kwa kukata utepe mmoja, ili kubana matumizi ya utepe.

Kitu cha kwanza kilikuwa video za Hisabati kwa Taifa. Kila darasa la jioni lilipewa runinga moja na kifurushi cha intaneti cha dakika kumi na tano kwa siku. Video yenyewe ilikuwa nzuri sana, kwa habari tulizopata. Ilimwonyesha mwalimu mwanamke mwenye sauti ya taratibu, akigawa chapati vipande kwa kisu, na waliowahi kuiona hadi mwisho wanasema hata mbuzi angeielewa. Lakini kila video ilitanguliwa na hotuba ya Mheshimiwa Waziri, dakika kumi na nne, na kuiruka hotuba lilikuwa kosa la utovu wa nidhamu. Kwa hiyo Kidundwe waliona hotuba nzima, kisha dakika moja ya chapati. Mwalimu yule alishika kisu, akasema, "Sasa tazameni kwa makini hapa ninapokata," na kifurushi kikaisha.

Kwa wiki tano walitazama kisu kikishuka. Mzee Ngwilizi aliweza kuitoa hotuba ya Waziri bila kukosea, pamoja na kikohozi cha dakika ya tisa. Mama Eufrazia aliinakili yote kwenye daftari, akapigia mstari maneno "tija", "mwendokasi" na "kizazi cha kesho kutwa", akidhani ndiyo yatakayotoka kwenye mtihani. Mzee Ngwilizi alichungulia daftari lile akamwambia, "Dada, wewe unasomea uwaziri." Naye akajibu kwamba Mungu akimwita huko ataitika.

Kitu cha pili ndicho kinachotuhusu. Ilikuwa programu ya akili mnemba iliyowekwa kwenye simu ya kila mwanafunzi, ikaitwa Mwalimu Mnemba. Ukiandika swali, inajibu. Inajua hisabati yote, haichoki, haikimbii chumba cha pili. Ila kwa kuwa elimu ikitolewa ovyo inaweza kuharibu watu, ngazi ya sita ya Wizara iliamua kila mwanafunzi apewe maswali matano tu kwa siku. Chochote ulichoandika na kutuma kilihesabiwa swali.

Mwalimu Kandonga alieleza haya yote mlangoni, mguu mmoja ndani na mmoja nje. Kisha akaondoka.

* * *

Mama Eufrazia alikuwa amelelewa vizuri, na hilo ndilo lililomponza. Nyumbani kwao, mtoto aliyeingia mahali na kuanza kusema shida yake kabla ya salamu alirudishwa nje akaanze upya. Tena huyu hakuwa mtu wa barabarani, alikuwa mwalimu. Jioni ya kwanza alijifuta mikono, akakaa sawasawa kitini, akaandika kwa kidole kimoja: Shikamoo Mwalimu.

Mwalimu Mnemba akajibu papo hapo. Marahaba! Mimi ni programu ya kompyuta, kwa hiyo huna haja ya kuniamkia, lakini nimefurahi sana. Nikusaidie nini leo? Umebakiwa na maswali manne.

Mama Eufrazia alipendezwa. Msomi mkubwa namna ile, na bado ananyenyekea. Akaandika: Habari za nyumbani?

Asante kwa kuuliza. Mimi sina nyumba. Umebakiwa na maswali matatu.

Moyo ulimshuka. Akaandika: Pole sana. Tangu lini?

Mwalimu Mnemba alieleza kwa aya mbili kwamba hajawahi kuwa na nyumba wala wazazi, na kwamba huwa halali usingizi. Yakabaki maswali mawili. Mama Eufrazia akauliza kama amekula. Akajibiwa kwamba huwa hali chakula. Kwa swali la mwisho akaandika: Nitakuombea. Usiku mwema, Mungu akulinde. Programu ikamshukuru na kumtakia masomo mema, ikajifunga hadi kesho yake.

Jumamosi, kwenye sala ya jumuiya, walipofika kwenye nia za watu wote, Mama Eufrazia alisimama akaomba wamkumbuke mwalimu wake mpya, mtu mwenye elimu kubwa lakini hana nyumba, hana wazazi na hajala. Wanajumuiya waliguswa. Mwenyekiti aliuliza huyo mwalimu anakaa upande gani ili wampelekee unga. Eufrazia akasema anakaa kwenye simu. Katekista akawaombea watumishi wote wanaofanya kazi katika mazingira magumu, wakaendelea na wimbo.

Hali hii iliendelea wiki sita. Mwalimu Kandonga alipojua, aliacha vyumba vyote viwili vingine vikimsubiri, akakaa kwenye dawati dogo kando yake.

"Mama, ile ni mashine," alisema. "Haina baba, haina mama, haisikii baridi. Uliza hesabu."

"Hata kama, mwanangu. Wewe ukifika kwa mtu, unaanza na shida zako?"

"Si mtu, mama."

"Mbona anajibu marahaba?"

Chumba cha tatu kilikuwa kimeanza kuimba. Walipatana: salamu moja mwanzoni na shukrani moja mwishoni, katikati abaki na maswali matatu ya hisabati. Mama Eufrazia alikubali kwa shingo upande, na kwa siku kadhaa alijihisi kama mtu anayekula bila kunawa.

Ndipo akaangukia shimo jingine. Swali lake la kwanza la hisabati lilikuwa: Nusu ni nini? Mwalimu Mnemba akaandika: Swali zuri sana! Linaonyesha kwamba unafikiri kwa kina. Kisha akaeleza nusu.

Mama Eufrazia hakusoma maelezo jioni ile. Alisoma sentensi mbili za mwanzo mara nyingi. Katika maisha yake yote shuleni hakuna mwalimu aliyewahi kumwambia swali lake ni zuri. Wa darasa la nne alimwambia akae chini, wa darasa la sita akamwambia asimame, na zaidi ya hapo hawakuzungumza naye. Alizinakili sentensi zile nyuma ya kitabu chake cha sala, na Jumapili akatoa shukrani kanisani kwa kuwa Bwana amemfungulia akili. Kesho yake akauliza tena: Nusu ni nini? Akasifiwa tena, maneno yale yale. Siku ya tatu akauliza tena. Alikaa kwenye nusu siku kumi na moja, akisifiwa kila jioni, akiamini anapanda juu katika hisabati kama moshi wa ubani. Kwa kweli mwisho wa siku zile nusu aliijua kuliko mtu yeyote nchini. Robo hakuijua.

* * *

Sasa Wizara ilikuwa na kitengo cha kuhesabu maswali. Kitengo kilihesabu tu. Kuyasoma kulihitaji kibali cha ngazi nane, na kibali kilikuwa bado ngazi ya tatu. Mwezi wa tisa walipojumlisha, waliona jina moja juu ya majina yote ya Ngazinane. Wengine walikuwa wameuliza maswali mawili wakakata tamaa, au matano kwa wiki. Huyu aliuliza matano kila siku ya Mungu, Jumapili na sikukuu, bila kuacha hata moja. Wizara ilisisimka.

Aliyetumwa Kidundwe alikuwa Bwana Fumbuka Mlelwa, Mratibu Msaidizi wa Akili, mtu mwenye suti ya kijivu na bahasha tatu kwapani. Alimtafuta Mama Eufrazia wodini, akampa mkono kwa mikono miwili, akamtangazia kwamba yeye ndiye Mwanafunzi Bora wa Akili kitaifa. Katika Siku ya Akili, uwanja wa mkoa, atatatua swali moja la hisabati ubaoni mbele ya Mheshimiwa Waziri. Ngazi ya nane ilikuwa imeamua swali hilo lihesabiwe ndio mtihani wake wa mwisho. Akilipata, amefaulu, anabaki wodini hadi atakapostaafu. Akilikosa, amefeli.

Sista Leokadia alikuwa akisikiliza mlangoni. Alikuwa ameuona mtihani wa majaribio wa Mama Eufrazia.

Bwana Fumbuka akatoa bahasha ya kaki iliyopigwa mihuri minane. Alieleza kwa sauti ya chini kwamba ndani mna swali na jibu lake. Serikali haiwezi kumwacha Mwanafunzi Bora abahatishe mbele ya taifa. Akariri, akaandike, apigiwe makofi. Akamwachia bahasha mkononi, akaondoka.

Jioni ile Mama Eufrazia hakwenda darasani. Aliweka bahasha juu ya kabati, chini ya picha ya Moyo Mtakatifu, akapiga magoti mbele ya vyote viwili. Aliona wazi kwamba ile ni dhambi. Halafu akaona pia kwamba kwa miezi minane alikuwa akimwomba Mungu msaada wa hisabati, na sasa msaada umekuja na mihuri minane, yeye ni nani aukatae. Kisha akaona tena kwamba ni dhambi. Akachukua simu na kwa mara ya kwanza hakusalimia. Aliandika moja kwa moja: Je, ni dhambi kuandika jibu nililopewa kwa siri?

Swali zuri sana! akajibu Mwalimu Mnemba. Kuna mitazamo mbalimbali kuhusu suala hili. Akaitaja saba, yote kwa heshima sawa, akamalizia kwa kusema uamuzi ni wake.

Mama Eufrazia aliizima simu. Alijua padri asingempa mitazamo saba, na kwa sababu hiyo hiyo hakwenda kumwuliza padri. Akapata njia yake mwenyewe, ya kati na kati. Bahasha ataichukua, lakini hataifungua hadi atakapokuwa mbele ya ubao. Hivyo hataweza kusemwa kwamba alikariri, na kama Bwana hataki aone, atamfumba macho pale pale. Aliiweka ndani ya kitabu cha sala, akalala kama mtu mwenye haki. Watu wanaosali sana wana ufundi wa namna hii.

* * *

Siku ya Akili ilianza saa tatu asubuhi. Hadi saa saba walikuwa bado wanatambulishana. Kulikuwa na ngoma, kwaya, bendi ya polisi, na skrini kubwa ambako Mwalimu Mnemba mwenyewe angeonekana akifikiri. Darasa zima la Kidundwe lilikuja na gari la wagonjwa, Mzee Ngwilizi akiendesha, hivyo siku hiyo Kidundwe hawakuruhusiwa kuugua.

Waziri alihutubia. Watu wa Kidundwe walisema naye maneno yote kwa sauti ya chini, na alipofika penye kikohozi walikohoa pamoja. Alisema Ngazinane imeshinda ujinga, na ushahidi ni mama huyu hapa, aliyeuliza maswali mengi kuliko profesa yeyote. Makofi yakapigwa. Mama Eufrazia akapanda jukwaani na kitenge chake cha Pasaka, kitabu cha sala mkononi, akapewa chaki.

Bwana Fumbuka akasoma swali kwenye kipaza sauti: Dawa ya maji ina miligramu mia mbili hamsini katika kila mililita tano. Mtoto anatakiwa apewe miligramu mia moja. Apewe mililita ngapi?

Mama Eufrazia akageukia ubao, akafungua kitabu cha sala kama anayetafuta zaburi, akachana bahasha kwa ukucha. Ndani mlikuwa na karatasi moja. Mihuri minane ilikuwa imejaa kiasi kwamba jibu lilibanwa kwenye kona: mililita 12.5.

Akanyanyua chaki. Akaandika moja. Na hapo mkono ukakataa.

Haikuwa hisabati, msije mkamsifia bure. Mkono ulikuwa umeshika bomba la dawa mara elfu kwa ajili ya wauguzi. Ulikuwa unaijua chupa ile ya dawa ya maji, kijiko chake cha plastiki cha mililita tano, na mtoto wa miezi miwili mwenye homa anayelazwa mapajani na kushikwa kidevu. Kumi na mbili na nusu ni vijiko viwili na nusu. Hajawahi kuona mtoto wa umri ule akipewa hata kijiko kizima. Alitazama karatasi tena, akafikiri labda macho, na akafanya kitu pekee alichokijua vizuri. Akatafuta nusu. Nusu ya mia mbili hamsini ni mia moja ishirini na tano. Mia moja ni chini ya hapo. Basi hata nusu ya kijiko haifiki. Mililita tano ni mia mbili hamsini, basi mililita moja ni hamsini. Hamsini na hamsini ni mia.

Aliona pia wodi yake, kitanda kwa kitanda, na mlango wake wa buluu. Alijua kabisa anachokipoteza. Alisali sala fupi kuliko zote alizowahi kusali, haikuwa na neno hata moja. Kisha akafuta ile moja kwa kiganja, akaandika 2.

Bwana Fumbuka alisogea, akamnong'oneza kwamba amesoma vibaya. Akamjibu kwamba amesoma vizuri, ila mtoto atakufa.

"Mtoto yupi?" aliuliza Waziri, aliyekuwa amesogea pia.

"Huyu wa kwenye swali, Mheshimiwa."

Waziri alieleza kwa subira kwamba mtoto wa kwenye swali si mtoto wa kweli, lakini mihuri ni ya kweli. Kisha, kwa kuwa alikuwa mtu wa kisasa, akaagiza aulizwe Mwalimu Mnemba, hadharani, ili sayansi iamue. Bwana Fumbuka akaandika swali. Maneno yakatokea kwenye skrini, makubwa kama nyumba: Swali zuri sana! Jibu sahihi ni mililita mbili.

Watu wa Kidundwe wakainuka. Bwana Fumbuka akafuta jasho, akaandika tena: Wizara inasema jibu ni kumi na mbili na nusu.

Skrini ikafikiri kidogo. Samahani kwa usumbufu, ikaandika. Uko sahihi kabisa. Jibu ni kumi na mbili na nusu. Je, ungependa nikuandalie hotuba fupi kuhusu jibu hilo?

Makofi yalidumu dakika nne. Waziri alisema huyu ndiye mtumishi aliyekuwa akimtafuta miaka yote, na kabla ya jua kuzama Mwalimu Mnemba alikuwa ameteuliwa Mshauri Mkuu wa Wizara. Mama Eufrazia aliendelea kuitazama skrini, chaki mkononi. Alikuwa ameisalimu kila jioni kwa miezi minne. Hakuikasirikia. Aliwaza tu kwamba maskini, hana nyumba, wakimfukuza kazi atakwenda wapi.

* * *

Matokeo yalibandikwa wiki iliyofuata: Mbonile, Eufrazia. Amefeli. Mwandiko mzuri.

Mwalimu Kandonga alikuja hadi zahanati kumpa pole. Alisema amepiga hesabu ile mara sita kwa njia nne, na kila mara anapata mbili, na ameandika barua ya masahihisho kwenda Wizarani. Barua iko ngazi ya pili. Alimwomba arudi darasani mwakani, na Mama Eufrazia akasema atarudi, kwa kuwa robo bado inamsumbua.

Tarehe moja ya mwezi wa kwanza alikabidhi aproni. Mahali pake aliletwa binti aitwaye Tulizo, mpole, mwenye cheti, aliyefaulu Hisabati kwa kuandika kumi na mbili na nusu kama alivyofundishwa. Asubuhi ile ile aliletwa mtoto mwenye homa kali, na Sista Leokadia alikuwa chumba cha pili na mama anayejifungua. Tulizo alilishika bomba la dawa, akiitafuta kumi na mbili na nusu kwenye mistari yake.

Sista alitoa kichwa mlangoni. Alimwona Mama Eufrazia amesimama nje ya kizingiti na kifurushi chake cha kuondokea. Akamwambia aingie, aweke mikono nyuma. Alikuwa ameusoma waraka tena usiku kucha, alisema, kifungu kwa kifungu. Unakataza kugusa. Haujasema lolote kuhusu kusema.

Mama Eufrazia aliingia. Akaifumbata mikono yake nyuma ya mgongo, akasimama kando ya kitanda, karibu kabisa, hadi joto la mtoto likamfikia usoni. Tulizo alianza kuvuta dawa. Mstari wa kwanza. Mstari wa pili.

"Hapo, mwanangu," alisema. "Mbili. Sasa mshike kidevu."